Asbesto: jinsi nyuzi za madini zinavyochochea saratani mwilini

Asbesto ni jina la kibiashara la madini sita ambayo huchimbwa yakiwa na umbo la nyuzi. Inayouzwa leo ni krisotili, yaani asbesto nyeupe, na Urusi, Kazakhstan na China ndizo wazalishaji wakubwa. Ya buluu (krosidolaiti) na ya kahawia (amosaiti) hazichimbwi tena kwa biashara, lakini bado zimo katika majengo ya zamani. Mfanyabiashara wa mpakani hukutana na madini haya katika vipande vya saruji vya kuezekea, mabomba ya maji na breki za magari.

Msomaji anaweza kujiuliza: jiwe lisiloyeyuka wala kuwa na sumu ya kunywa linaletaje saratani? Jibu liko katika umbo lake.

Unapovuta pumzi yenye vumbi la asbesto, nyuzi nene hunaswa puani na kooni. Zile nyembamba, zisizofika mikroni 3 kwa unene, huteremka hadi ndani kabisa ya mapafu. Huko hupokelewa na makrofaji, seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Makrofaji ina upana wa mikroni 10 hadi 20 hivi, hivyo unyuzi mrefu kuliko huo hauwezi kumezwa. Seli inabaki kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki: haimezi, haitemi. Wakati huo wote inaendelea kumwaga kemikali kali za oksijeni ilizokusudia kuulia vijidudu. Asbesto ya buluu na ya kahawia huongeza ukali huo kwa sababu zina madini ya chuma ndani yake. Kemikali hizo hukata vinasaba vya seli jirani.

Hapo ndipo mawasiliano ya seli yanapoharibika. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kuwa asbesto huamsha mtambo wa protini uitwao NLRP3, ambao hutoa ishara ya uvimbe, interlukini-1 beta. Seli zinazokufa nazo huachia protini ya HMGB1, ambayo huita makrofaji zaidi, na hizo huleta ishara nyingine iitwayo TNF-alfa. Ishara hii huwasha swichi ya NF-kappa B ndani ya seli za utando unaozunguka mapafu. Kazi ya swichi hiyo ni kuzuia kifo cha seli. Sambamba na hayo, nyuzi huchokoza kipokezi cha EGFR juu ya seli, na amri hupita kwa protini za ERK hadi kwenye jeni za fos na jun, zinazohimiza seli kugawanyika.

Kwa lugha ya sokoni, bidhaa mbovu iliyopaswa kuteketezwa imepewa kibali na kuagizwa iongezwe. Kwa kuwa nyuzi haziondoki, agizo hilo hurudiwa miaka na miaka, hadi seli zinapopoteza jeni za ulinzi kama BAP1, NF2 na CDKN2A. Saratani ya utando huo, mesotelioma, kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta vumbi. Mvuta sigara aliyefanya kazi na asbesto ana hatari kubwa zaidi ya saratani ya mapafu, maana madhara ya viwili hivyo huzidishana.

Ushahidi mzito ulitoka Afrika Kusini. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake waliripoti wagonjwa 33 wa mesotelioma, wengi wao wakihusishwa na machimbo ya asbesto ya buluu kaskazini mwa Cape. Baadhi yao hawakuwa wachimbaji, waliishi tu karibu. Wadai zaidi ya 7,000 waliishtaki kampuni ya Cape huko Uingereza, na mwaka 2003 walilipwa fidia ya pauni milioni 7.5. Ukigawanya, ni takriban pauni 1,000 kwa mtu. Afrika Kusini ilipiga marufuku asbesto mwaka 2008.

Wauzaji hudai kuwa krisotili ni salama kwa vile huondoka mapafuni upesi kuliko aina nyingine. Hata hivyo, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka aina zote sita katika kundi la 1, la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mkataba wa Rotterdam umeorodhesha aina tano, bila krisotili, kwa sababu uamuzi huhitaji nchi zote kukubaliana na nchi chache zimekuwa zikiupinga tangu 2006.

Paa la zamani lisiloguswa hutoa nyuzi kidogo. Hatari kubwa iko kwenye kukata kwa msumeno, kuvunja na kupakia lorini vipande vilivyokwishatumika.

Kwa anayeagiza mzigo, nambari za forodha husaidia. Asbesto ghafi ni 2524. Bidhaa za saruji zenye asbesto ni 6811.40, na zisizo nayo huanzia 6811.81. Vifaa vya breki vyenye asbesto ni 6813.20. Wakala akikuandikia 6811 tu, mwambie amalizie tarakimu zilizobaki kabla hujalipa.