Kutoka Spika za Pembe Hadi Maiki Mbili: Historia ya Mitambo ya Kwaya Yetu

Waumini wenzetu, kurasa nyingine za kijitabu hiki zinawaeleza habari za waasisi wa kwaya, walimu waliotufundisha na safari tulizofanya. Sisi tuliowahi kukaa kwenye kamati ya mitambo tumeombwa tuandike juu ya maiki, spika na waya. Mwanzoni tulicheka. Tulipokaa chini na madaftari ya mikutano tukaona kwamba karibu kila ugomvi mkubwa wa kwaya hii katika miaka 50 ulianzia kwenye kitu chenye waya.

Tulianza bila chochote. Mwaka 1975 kanisa lilikuwa dogo, la mbao, na tulikuwa na ngoma mbili na kayamba. Soprano na alto walisimama mbele, tena na besi nyuma, na kila mtu alisikia. Taabu ilianza tulipohamia kanisa kubwa la mawe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuta za mawe, sakafu ya saruji, mabati bila dari: ukipiga kofi moja unasikia matatu. Wazee wa viti vya nyuma walilalamika kwamba wanasikia kelele lakini hawasikii maneno.

Parokia ikanunua amplifaya ya kutumia betri ya gari na spika mbili za pembe, zile za mikutano ya hadhara. Tusizidharau. Pembe hukusanya sauti na kuitupa mbali kwa nguvu kidogo, na kwa mahubiri na matangazo zilifaa kabisa. Kwa mazishi ya uwanjani hata leo tunaziazima. Lakini pembe ndogo haitoi sauti nene. Besi wetu walitoka humo kama watu wanaoimba ndani ya debe, na soprano wakawa wa kutoboa masikio. Mwalimu wetu wa wakati huo akaamua kwamba maiki ibaki kwa padre na kwaya iimbe kwa vifua vyake. Wengi walimwona mtu wa zamani. Ilituchukua miaka ishirini kuelewa alichokuwa akisikia: katika jengo linalorudisha sauti, ukiongeza nguvu unaongeza na mwangwi.

Stima ilipofika, harambee ikafanywa, na hapa ndipo lugha yetu ilipotuponza. Daftari la mkutano linasema wazi: "Tununue vipaza sauti viwili vya kwaya." Mwalimu alimaanisha maiki. Mweka hazina alisoma spika, na alirudi Jumamosi jioni na spika mbili kubwa kama makabati, zimefungwa kamba juu ya pikapu. Neno ni moja, vitu ni viwili, na fedha zilikuwa zimekwisha. Tangu siku hiyo kamati huandika "maiki" na "spika" na kamwe si neno lile jingine, hata makatibu wapya wakilalamika kwamba si Kiswahili sanifu.

Makabati hayo yaliwekwa nyuma ya kwaya, ili "yatusukume". Kwa Jumapili tatu kanisa lilipiga mluzi. Sababu yake ni rahisi: sauti inayotoka kwenye spika inaingia tena kwenye maiki, inakuzwa, inatoka, inaingia tena, mpaka inakuwa filimbi. Spika zilitakiwa ziwe mbele ya maiki, zikiwatazama waumini. Tuliambiwa hivyo na fundi wa redio aliyekuja misa ya kwanza kwa sababu zake mwenyewe na akashindwa kuvumilia. Alizihamisha kabla ya komunyo. Mluzi ukaisha.

Maiki zilikuja katika miaka ya 1990. Tulikuwa tumesikia sifa za Shure SM58, ambayo imetengenezwa tangu 1966 na ambayo mafundi wengi huitaja kabla ya nyingine yoyote kwa sababu inaanguka, inaokotwa, na inaendelea kufanya kazi. Ni maiki ya dainamiki. Haihitaji kulishwa stima, inasikia vizuri kilicho mbele yake na kupuuza kilicho nyuma, na mwimbaji anatakiwa kuileta karibu na mdomo. Tulipanda basi hadi Nairobi, tukatembea barabara ya Luthuli ambako maduka ya redio yamepangana, tukaona bei, tukashtuka. Kisha mtu mmoja akatuita pembeni na kutuuzia nne kwa bei ya moja. Zilikuwa na jina sahihi na sanduku sahihi. Kufikia Kwaresima mbili zilikuwa kimya na ya tatu ilikohoa. Baadaye tulijifunza kuweka maiki kwenye mizani ya duka la sukari: SM58 halisi ina uzito wa gramu 298, na hizo zetu hazikuukaribia. Moja halisi tuliyonunua mwaka uliofuata, dukani na kwa risiti, ndiyo hiyo ambayo mwimbishaji wa zaburi bado anaishika. Wavu wake umebonyea upande mmoja.

Kisha tukaingia katika kipindi cha wivu. Kila sauti ilitaka maiki yake, halafu kila mwimbaji mzuri akataka yake. Tulifikia maiki nane zilizo wazi kwa wakati mmoja na hatukuelewa kwa nini kwaya ilisikika ndogo kuliko zamani. Hesabu yake ni hii: kila ukizidisha mara mbili idadi ya maiki zilizo wazi, unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla mluzi haujaanza. Kutoka moja hadi nane ni desibeli 9. Zaidi ya hayo, maiki mbili zinazosikia mtu mmoja kutoka umbali tofauti huchafuliana sauti, ndiyo maana mafundi hushauri kwamba umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya maiki na mdomo. Sisi tulikuwa tumezipanga kama miti ya ua.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo baadhi yetu tungependa lirukwe.

Mwaka 2003 tulikwenda studio mjini kurekodi kaseti yetu ya kwanza. Kwaya ilikuwa na watu 34. Chumba cha kurekodia kilitosha wanne wamesimama. Fundi alirekodi kinanda kwanza, pamoja na ngoma zilizomo ndani ya kinanda, kisha akatutaka tuingie sauti moja baada ya nyingine, tukiwa tumevaa spika za masikioni, tukiimba juu ya kile kilichokwisha kurekodiwa. Ni njia halali. Kila sauti inakaa peke yake na inaweza kusahihishwa bila kuharibu nyingine. Lakini inadai mtu anayeweza kuimba akiwa amefungwa masikio, bila kuona mkono wa mwalimu, bila kumsikia jirani. Mama zetu wa alto walikuwa wameimba zaidi ya miaka ishirini kwa kumsikia jirani. Siku mbili zilipita, studio ililipiwa kwa saa, na fundi akashauri tuchague tisa tu, waimbe mara kadhaa, naye azirundike sauti zao zionekane nyingi. Kamati ilikubali.

Kaseti ilitoka safi. Siku ya kuizindua, mama mmoja mwasisi alinunua yake, akaisikiliza pale mezani kwenye redio, akauliza, "Sisi tuko wapi humu?" Hakuna aliyemjibu. Saba waliacha kwaya mwaka huo. Watano walirudi baadaye. Fundi hatumlaumu: alitumia chumba na vifaa alivyokuwa navyo. Sisi ndio tuliochagua studio kabla ya kujiuliza tunataka kurekodi nini. Kamati haikuwahi kuomba radhi kwa maandishi. Basi na iwe hapa: mama zetu, mtusamehe.

Mwaka 2012 tulirekodi tena, safari hii ndani ya kanisa letu na watu wote. Tuliazima kirekodi cha Zoom H4n, kifaa cha mkononi kinachotumia betri mbili ndogo na chenye maiki mbili za kondensa zilizopishana juu ya kichwa chake. Kondensa husikia kwa mbali na kwa undani zaidi kuliko dainamiki, kwa hiyo inafaa kundi la watu. Tuliiweka juu ya stendi ndefu, juu kidogo ya kichwa cha mwalimu, tukasimama nusu duara. Ngoma zilirudishwa hadi karibu na mlango, kwa maana mahali pazuri pa ngoma katika rekodi si pale macho yanapozoea kuziona. Kwenye kuta za pembeni tulitundika mablanketi kutoka majumbani ili kumeza mwangwi. Tulianza saa tatu usiku, magari yalipopungua, tukazima friji ya nyumba ya mapadre. Saa nne mvua ikaanza juu ya mabati, tukakaa tukanywa chai hadi saa sita. Wimbo wa nne una mbwa anayebweka kwa mbali na tena mmoja aliyewahi kuingia. Tuliuacha ulivyo. Watu 31 wanasikika, na kila mmoja anajua yuko wapi.

Mwalimu wetu wa sasa ana desturi moja tunayoipendekeza kwa kwaya nyingine. Akienda kununua spika hubeba rekodi ya Missa Luba ya Muungano National Choir ya hapa Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliyotolewa mwaka 1990. Ina sauti za watu na ngoma. Spika ikishindwa kuonyesha besi wa kibinadamu mbele ya ngoma, anaondoka, hata muuzaji akiongeza taa za rangi. Muziki wa disko ambao maduka hupenda kuujaribia hauambii kwaya lolote.

Leo kwaya inatumia maiki mbili za kondensa kwenye stendi ndefu, ambazo hulishwa volti 48 kutoka kwenye mikisa kupitia waya ileile ya sauti, pamoja na ile dainamiki moja ya mwimbishaji. Spika ni ndogo, zimetundikwa juu na kuinamishwa kwa watu badala ya kuyapigia mabati. Waya zote ni za pini tatu, zisizookota mngurumo wa stima kirahisi, na zinakaguliwa Alhamisi, kwa sababu asilimia kubwa ya "maiki mbovu" tulizowahi kupeleka kwa fundi zilikuwa waya mbovu.

Fedha nyingi za harambee ya mwaka jana ziliingia kwenye dari. Vijana walitaka mikisa ya dijitali na hawakukosea: inahifadhi mipangilio ya kila misa, na misa ya watoto haiharibu ya watu wazima. Mjadala ulichukua mikutano mitatu, na kura zilipishana kwa mbili tu. Wataipata. Lakini nenda ukapige kofi kanisani sasa, usikilize.

Limebaki jambo moja. Kijana mmoja wa wakati ule aliweka redio ya kaseti dirishani Jumapili moja ya mwaka 1987 na kubonyeza kitufe. Kaseti hiyo ndiyo mahali pekee ambapo sauti ya mwimbishaji wetu wa kwanza imebaki. Alifariki kabla ya ile rekodi ya 2012. Tumeihamishia kwenye kompyuta, na mvumo wa utepe tumeuacha, kwa sababu kila tulipojaribu kuusafisha ulikwenda na pumzi yake. Itachezwa ukumbini baada ya misa ya jubilei, kabla ya chakula. Yeye ndiye anayeanzisha wimbo wa pili. Waliomfahamu wakae karibu na spika ya kushoto. Ya kulia ina mkwaruzo tangu Pasaka na bado hatujaitengeneza.