Chuku au Ushahidi? Maneno ya Waogoni katika Historia ya Mafuta ya Delta ya Niger

1. Utangulizi

Katika taaluma ya uhakiki, chuku ni tamathali inayokuza jambo kupita kiasi ili kulitia mkazo. Msomaji hatarajiwi kuipima kwa mizani ya ukweli wa kawaida. Anatarajiwa kutikiswa nayo, kisha aendelee na safari yake. Makala haya yanachunguza kisa kimoja cha kihistoria ambamo ushahidi wa jamii nzima kuhusu ardhi yake ulichukuliwa kana kwamba ni chuku kwa muda wa miaka arobaini, hadi vipimo vya maabara vilipoonyesha kwamba walalamikaji hawakuwa wametia chumvi. Jamii hiyo ni Waogoni wa kusini mwa Nigeria, na msemaji wao aliyefahamika zaidi ni mwandishi Ken Saro-Wiwa (1941-1995).

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya kifo cha Saro-Wiwa, na sehemu kubwa ya maandishi hayo humchora kama shahidi wa imani, kwa maana ya mtu aliyefia alichokiamini. Hapa tunamtazama kama shahidi kwa maana ya pili ya neno hilo: mtu aliyeona na kusema alichokiona. Swali letu ni hili: ni nani huamua kwamba maneno ya watu fulani ni ushahidi na ya wengine ni mbwembwe za lugha, na uamuzi huo humgharimu nani? Dai letu ni kwamba mgogoro wa mafuta ya Ogoni ulikuwa, pamoja na mambo mengine, mgogoro wa kuaminika, na kwamba gharama ya kutoaminiwa ililipwa kwa maji, kwa mashamba na kwa roho za watu.

2. Ardhi, mafuta na sheria

Waogoni huishi katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,000 karibu na mji wa Port Harcourt. Kabla ya kuja kwa mafuta walikuwa wakulima na wavuvi. Walilima viazi vikuu na mihogo, na kuvua katika hori zilizozungukwa na mikoko. Mafuta ya kiasi cha kibiashara yaligunduliwa Oloibiri, katika delta hiyo hiyo, mwaka 1956. Mwaka 1958 yakapatikana Ogoni.

Nigeria ilipopata uhuru mwaka 1960, katiba iliyapa majimbo yaliyotoa madini nusu ya mrabaha uliotokana nayo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1967-1970 vilibadilisha mizani hiyo. Sheria ya mafuta ya mwaka 1969 iliweka umiliki wa mafuta yote mikononi mwa dola, nayo sheria ya ardhi ya mwaka 1978 ikaikabidhi ardhi ya kila jimbo kwa gavana wake. Kufikia katikati ya miaka ya themanini, fungu lililorudishwa kwa kigezo cha mahali mafuta yalikotoka lilikuwa limeshuka hadi asilimia 1.5. Ni katiba ya mwaka 1999 iliyolipandisha hadi asilimia 13.

Mpangilio huu wa kisheria haukuathiri mfuko wa Mwogoni peke yake. Uliathiri pia sauti yake. Mkulima ambaye bomba lilipita shambani mwake hakuweza tena kuzungumza kama mwenye ardhi. Aliweza kulipwa fidia ya mazao yaliyoharibika, lakini si ya kilichokuwa chini ya mizizi ya mazao hayo. Alikuwa amegeuzwa mlalamikaji katika shamba la babu yake, na mlalamikaji, kama tujuavyo, husikilizwa kwa shaka.

3. Kutoka ombi hadi hati ya haki

Mabadiliko ya sauti ya Waogoni yanaonekana bayana tukilinganisha hati mbili. Ya kwanza ni barua ambayo wazee wao walimwandikia gavana wa kijeshi wa Jimbo la Rivers mwaka 1970, vita vilipokwisha. Kiutanzu, hiyo ni barua ya ombi. Mwandikaji hujishusha, humwinua anayeandikiwa, kisha hueleza shida zake na kusubiri huruma. Mwaka huo huo kisima cha mafuta cha Bomu kililipuka na kuchafua mashamba na vijito vya jirani. Huruma iliyosubiriwa haikuja.

Hati ya pili ni ile ya haki za Waogoni, iliyotiwa saini tarehe 26 Agosti 1990, mwaka ambao chama chao cha kutetea uhai wa jamii, MOSOP, kilianzishwa. Hapa mnenaji haombi, anadai. Hati inaeleza kwamba ardhi ya Ogoni ilikuwa imeiletea Nigeria mapato yanayokadiriwa kuwa dola bilioni 30, na kwamba wenyeji hawakupata chochote badala yake. Inadai mamlaka ya kujiamulia mambo ndani ya Nigeria, fungu la haki la rasilimali, na ulinzi wa mazingira. Jambo ambalo wahakiki hawana budi kulitilia maanani ni kwamba hati hiyo hiyo inadai pia haki ya kutumia na kuendeleza lugha za Kiogoni. Waandishi wake waliona kwamba mtu aliyenyang'anywa ardhi na asiyesikika kwa lugha yake amenyang'anywa mara mbili.

Saro-Wiwa alikuwa na uzoefu wa jambo hili katika utunzi wake. Riwaya yake Sozaboy (1985) inasimulia vita kupitia kinywa cha kijana wa kijijini anayezungumza Kiingereza ambacho mwandishi mwenyewe alikiita kibovu. Hoja ya kisanaa ya riwaya hiyo ni kwamba msimulizi asiye na lugha ya wakubwa aweza kuwa shahidi wa kweli kuliko wao. Wala mwandishi hakuwa mgeni kwa dola: wakati wa vita alikuwa msimamizi wa Bonny upande wa serikali ya shirikisho, na baadaye alikuwa kamishna katika serikali ya jimbo hadi mwaka 1973. Alizijua lugha zote mbili, ya ofisini na ya kijijini.

Katika kitabu chake Genocide in Nigeria (1992) alichagua neno zito kuliko yote, mauaji ya halaiki. Je, hiyo haikuwa chuku? Yafaa tukiri kwamba neno hilo lina maana mahususi katika sheria ya kimataifa, na kwamba wapo wasomi wenye nia njema waliolikataa. Hata hivyo, tukilisoma baada ya barua ya 1970, tunaona kwamba ukali wake ulizaliwa na ukimya ulioujibu upole. Tarehe 4 Januari 1993 watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 waliandamana kwa amani. Mwaka huo kampuni ya Shell iliacha kuchimba mafuta Ogoni.

4. Maneno kizimbani

Tarehe 21 Mei 1994 wazee wanne mashuhuri wa Ogoni, Albert Badey, Edward Kobani, Samuel Orage na Theophilus Orage, waliuawa na kundi la watu huko Giokoo. Mauaji haya hayapaswi kupitwa kwa haraka na yeyote anayependa haki. Chama kilikuwa kimegawanyika, na tuhuma za usaliti zilikuwa zimeanza kutupwa dhidi ya wazee waliopendelea maelewano na serikali. Maneno, basi, yalikuwa na hatari zake hata mikononi mwa wanyonge.

Saro-Wiwa hakuwapo Giokoo; siku hiyo wanajeshi walikuwa wamemzuia njiani na kumrudisha. Hata hivyo alishtakiwa mbele ya mahakama maalumu iliyoundwa na utawala wa Jenerali Sani Abacha, kwa madai kwamba aliwachochea wauaji. Mashahidi wawili wa upande wa mashtaka walitoa hati za kiapo wakieleza kwamba walikuwa wamehongwa. Hukumu haikuweza kukatiwa rufani katika mahakama ya juu. Ilithibitishwa na baraza la kijeshi. Tarehe 10 Novemba 1995 alinyongwa pamoja na wenzake wanane: Barinem Kiobel, John Kpuinen, Baribor Bera, Saturday Dobee, Nordu Eawo, Daniel Gbokoo, Paul Levura na Felix Nuate. Siku iliyofuata Jumuiya ya Madola iliisimamisha Nigeria uanachama.

Hapa ndipo kinyume kikubwa cha historia hii kinapojitokeza. Kwa miaka mingi maneno ya Waogoni kuhusu mafuta yalihesabiwa kuwa mepesi mno kuweza kuthibitisha lolote. Mwaka 1995 maneno ya mmoja wao, au yale yaliyodaiwa kuwa yake, yalionekana mazito ya kutosha kumnyonga mtu. Uzito wa neno haukutokana na neno lenyewe bali na aliyeshika mizani.

5. Vipimo na rejista

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Mwezi Agosti 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu hapa Nairobi, lilitoa ripoti ya uchunguzi wake wa Ogoni. Uchunguzi huo uliombwa na serikali ya Nigeria na kugharimiwa na kampuni yenyewe. Watafiti walikagua zaidi ya maeneo 200. Huko Nisisioken Ogale walikuta wenyeji wakinywa maji ya visima yenye kemikali ya benzini, inayosababisha saratani, kwa kiwango kinachozidi mara 900 kile kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Juu ya maji ya ardhini pale palikuwa na tabaka la mafuta lenye unene wa sentimita 8. Ripoti ilikadiria kwamba kuirejesha Ogoni katika hali yake kungechukua miaka 25 hadi 30, na ikapendekeza mfuko wa kuanzia wa dola bilioni moja.

Kwa mhakiki, sehemu inayosisimua zaidi ni ile inayohusu kumbukumbu za kampuni. Maeneo ambayo rejista ziliyaorodhesha kuwa yamesafishwa yalikutwa bado yamechafuka. Huko Ejama-Ebubu, mafuta yaliyomwagika miaka ipatayo arobaini kabla ya uchunguzi yalikuwa bado udongoni. Kumbe chuku ilikuwapo, lakini haikuwa katika malalamiko ya wakulima. Ilikuwa katika jedwali, kwenye safu iliyoandikwa kwamba kazi imekamilika.

Neno jingine lililohitaji kuchunguzwa ni hujuma. Kwa sheria ya Nigeria, mafuta yakimwagika kwa sababu ya hujuma kampuni huwa haiwajibiki kulipa fidia. Kwa hiyo neno hilo lina thamani ya fedha. Si haki kusema kwamba hujuma haikuwapo. Ripoti ya 2011 yenyewe ilieleza kwamba usafishaji haramu wa mafuta ulikuwa umeongezeka tangu mwaka 2007 na kuharibu mikoko. Suala ni nani anayepaswa kuthibitisha. Tarehe 29 Januari 2021 Mahakama ya Rufani ya The Hague iliamua kwamba kampuni tanzu ya Nigeria iliwajibika kwa mafuta yaliyomwagika Goi, Ogoni, mwaka 2004, kwa kuwa hujuma iliyodaiwa haikuthibitishwa pasipo shaka. Wakulima walikuwa wamefungua kesi mwaka 2008. Kuhusu mafuta yaliyomwagika Bodo mwaka 2008, kampuni ilikuja kukubali kwamba makadirio yake ya awali yalikuwa madogo, na mwezi Januari 2015 ikaafiki kulipa pauni milioni 55.

6. Somo kwa wasomaji wa Kenya

Yamkini msomaji atauliza kisa hiki kinatuhusu nini sisi. Jibu la kwanza ni la kisheria. Mwaka 2001 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua, katika shauri lililohusu Waogoni, kwamba Nigeria ilikuwa imekiuka Mkataba wa Afrika, pamoja na kifungu cha 24 kinachozipa jamii haki ya mazingira yanayofaa. Uamuzi huo ulirejelewa na Tume ilipoamua shauri la Waendorois dhidi ya Kenya, lililotangazwa mwaka 2010, kuhusu jamii iliyoondolewa kando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya sabini. Maneno yaliyotoka Ogoni, basi, yalifika Bonde la Ufa.

Jibu la pili linahusu kazi yetu. Tumezoea kuhakiki mashairi, riwaya na tamthilia, tukiwaachia wataalamu wengine ripoti, rejista na taarifa za kampuni kana kwamba hizo si matini. Historia ya Ogoni yaonyesha kwamba ni matini kama nyingine: zina msimulizi, zina mtazamo, zina mambo zinayoyanyamazia. Tangu mafuta yagunduliwe Turkana mwaka 2012, nasi tunazo matini zetu za aina hiyo. Mwanafunzi anayeweza kufichua msimulizi asiyeaminika katika riwaya hana sababu ya kushindwa kumtambua katika ripoti ya athari za mazingira.

7. Hitimisho

Usafishaji wa Ogoni ulizinduliwa rasmi mwaka 2016, na kazi yenyewe ikaanza mwaka 2019. Mwezi Machi 2025 Shell ilikamilisha uuzaji wa kampuni yake ya nchi kavu nchini Nigeria. Tarehe 12 Juni 2025 Rais Bola Tinubu alitangaza msamaha kwa Saro-Wiwa na wenzake wanane, pamoja na nishani za taifa. Wapo waliopokea tangazo hilo kwa shukrani. Wapo pia waliokumbusha kwamba msamaha hupewa aliyekosa, na kwamba kilichodaiwa kwa miaka thelathini ni tamko kwamba watu hao hawakuwa na hatia.

Hoja hiyo ni ya neno moja tu, na huenda wengine wakaiona ndogo. Lakini kama tulivyoonyesha, katika historia ya Ogoni neno moja ndilo lililoamua nani alipwe, nani anywe maji gani, na nani anyongwe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya shahidi ni kuaminiwa wakati ushahidi wake ungali na manufaa.