Jairoskopu na kipimamgeuko

Mwaka 1851, ndani ya Panthéon mjini Paris, Léon Foucault alining'iniza tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67. Tufe lilipobembea, mstari wa mbembeo wake uligeuka polepole, na watu wakaona kwa macho kwamba Dunia inajizungusha. Paris, mstari huo hurudi ulipoanzia baada ya saa 32 hivi. Mbarara, mji wa Uganda ulio jirani ya ikweta, ungehitaji kama miezi mitatu. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, zaidi ya miwili.

Kwa hiyo huku kwetu chombo chake cha pili ndicho chenye maana. Mwaka 1852 alitengeneza gurudumu zito linalozunguka kwa kasi na kushikilia mwelekeo wake hata fremu ikigeuzwa. Alilipa jina la Kigiriki lenye maana ya kutazama mzunguko, nasi tunaliita jairoskopu. Wazo lilikuwa sahihi, ila msuguano ulilisimamisha gurudumu baada ya dakika chache, na kwa dakika nne Dunia hugeuka digrii moja tu. Ilibidi atazame kwa hadubini.

Leo simu nyingi zina kihisi cha kazi hiyo. Ndani yake kipande kidogo mno cha silikoni hutetema mfululizo; simu ikigeuzwa, mtetemo husukumwa pembeni, na umeme hupima msukumo huo. Hakuna gurudumu hapo. Kwa kweli, kwa kuwa hutetema badala ya kuzunguka, kiko karibu zaidi na tufe la Panthéon.

Ndiyo maana ningeliacha neno jairoskopu kwa gurudumu, na kihisi cha simu nikakiita kipimamgeuko, kwa mfano wa kipimajoto. Sisemi kipimamzunguko, kwa sababu mzunguko tunao pia wa damu, wa fedha na wa sayari kulizunguka Jua, ilhali kinachopimwa hapa ni kasi ya kitu kugeuka. Mwalimu wa fizikia Nakivale, ambako Kiswahili huwakutanisha Wakongo, Warundi na wengine, anahitaji neno ambalo mwanafunzi atalielewa kabla ya kufafanuliwa.

Tena ana bahati ya mahali. Karibu na ikweta mhimili wa Dunia umelala sambamba na ardhi. Simu ikilazwa mezani, kichwa kikielekea kaskazini, urefu wake hufuata mhimili huo na kupokea karibu digrii zote 15 ambazo Dunia hugeuka kwa saa. Kwa simu ya kawaida hitilafu ya sifuri, yaani kasi ambayo kihisi huonyesha hata kisipogeuka, mara nyingi huzidi kiasi hicho. Basi apime kwa dakika nyingi, aigeuze simu kichwa kielekee kusini, apime tena, kisha atoe wastani mmoja kwenye mwingine: hitilafu isiyobadilika hujifuta, na tofauti inayotarajiwa ni digrii 30 kwa saa.