Risasi na Vazi Lake la Shaba

Anayetoka mjini Mbarara kwa barabara iendayo Kabale huvuka mto Rwizi, na muda si mrefu hufika Ruti. Mji wa Mbarara umesikia mlio wa risasi zaidi ya mara moja. Mwezi Septemba 1972 wapinzani wa Idi Amin walivuka mpaka kutoka Tanzania wakaushambulia, wakashindwa. Mwezi Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliuteka, na majengo yake mengi yakabomolewa. Katika vita vyote viwili, hakuna risasi hata moja iliyotengenezwa Ankole. Hata hivyo Ankole ilikuwa na wahunzi waliofua mikuki na majembe kabla Mzungu hajakanyaga nchi hii. Kwa nini, basi, mhunzi aliyeweza kumpa mtawala mkuki hakuweza kumpa risasi?

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatupa mwanga. Risasi ni neno moja lenye maana mbili: madini laini ya kijivu, na kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Zamani za gobori vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Mwenye kipande cha risasi, chombo cha kuyeyushia na moto wa mkaa aliweza kumimina gololi zake mwenyewe katika kalibu, na alipokosa risasi alitia vipande vya chuma. Magobori yalipanda bara kwa maelfu katika karne ya 19, kutoka pwani hadi Tabora, Karagwe na Buganda. Wenye silaha hizo walimtegemea mfanyabiashara wa pwani kwa baruti, lakini si kwa risasi.

Mambo yaligeuka huko Ulaya. Mwaka 1882 Eduard Rubin, ofisa wa jeshi la Uswisi, aliivika risasi vazi la shaba. Miaka miwili baadaye Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyotoa moshi mwingi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapewa bunduki ya Lebel. Baruti hiyo iliisukuma risasi kwa kasi ambayo madini laini hayaistahimili. Huchunika na kuganda ndani ya mtutu. Vazi la shaba ndilo lililoweza kushika mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu bila kuchunika. Lakini vazi hilo halimiminwi kwa moto wa mkaa. Bati jembamba la shaba lilivutwa na kubanwa kwa mashine zenye nguvu, kwa vipimo ambavyo jicho la mhunzi haliwezi kuvipima. Kutoka hapo risasi ilihama kibandani ikaenda kiwandani.

Wakubwa wa Ulaya waliielewa maana yake upesi. Tarehe 2 Julai 1890, walipotia sahihi mkataba wa Brussels, walipiga marufuku silaha mpya zenye mifuo kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, ila waliruhusu kwa masharti bunduki za gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida. Mkataba ulijitangaza kuwa ni wa kukomesha biashara ya utumwa, na kwa sehemu ulikuwa hivyo. Lakini kwa sehemu nyingine ulimwachia Mwafrika gobori, katika miaka ileile Mzungu aliyokuwa akija na Maxim. Matokeo yalionekana Mahenge mwezi Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walipoiendea boma ya Wajerumani yenye bombomu mbili. Na tusidhani kwamba mkoloni alimwamini hata askari wake mweusi: vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871, ambazo moshi wake uliwaonyesha adui mahali walipolala.

Mwaka 1899, huko The Hague, mataifa yalitangaza kwamba hayatatumia risasi zinazotanuka mwilini, kama zile ambazo vazi lake halifuniki ncha. Risasi hizo ziliitwa Dum Dum kwa jina la kiwanda cha Waingereza karibu na Calcutta. Uingereza ilikataa kutia sahihi wakati ule, ikidai kwamba inazihitaji katika vita vya makoloni. Tena tangazo lenyewe liliyafunga mataifa yaliyotia sahihi katika vita baina yao tu. Mwafrika hakumo.

Uzito wa jambo hili unaonekana wazi zaidi nchini Kenya. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, mafundi wa Mau Mau waliunda bunduki kwa mabomba ya maji na vyuma vya milango. Ulikuwa ufundi wa kustahiwa, japokuwa bunduki nyingine zilimdhuru aliyezishika kuliko adui. Kilichowashinda ni risasi. Risasi iliibwa, au ilinunuliwa kwa siri, moja moja. Serikali ya kikoloni ilijua hivyo, ikaifanya hata risasi mkononi kuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alipokamatwa mwezi Oktoba 1956, hakuhukumiwa kwa kuongoza vita vya msituni. Alishitakiwa kwa bastola moja na risasi sita, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Je, hakuna mahali ambapo risasi yenye vazi ilirudi nyumbani? Ipo Marekani, na kisa chake chastahili kusimuliwa. Mwaka 1943 viwanda vya nchi hiyo vilikuwa vikihudumia vita, na wawindaji hawakupata risasi madukani. Huko Oroville, California, Fred Huntington, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi la baba yake, alianza kuunda kalibu za chuma kigumu. Maganda matupu ya risasi ndogo, ambayo wenye shabaha huyaacha chini, yaligeuzwa kuwa vazi. Madini laini yakawekwa ndani, na mashine ya mkono ikavibana pamoja. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya RCBS, na jina lake ni ufupisho wa jina la kalibu iliyotumika kumwindia mnyama mdogo wa milimani. Wengine walijifunza ufundi huo, baadhi yao wakawa wenye viwanda. Lakini tuangalie vizuri: fundi huyo wa nyumbani alikuwa na chuma bora, alikuwa na sheria inayomruhusu, na baruti na fataki vilitoka kiwandani vilevile.

Karamoja hakukuwa na duka la dobi la namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahunzi wa huko waliunda bunduki kwa mabomba ya viti vya chuma, lakini risasi walizitafuta kwingine. Mwezi Aprili 1979, askari wa Amin walipoikimbia kambi ya Moroto, ghala la silaha lilibaki wazi, na vijana wa Matheniko wakachukua bunduki na masanduku ya risasi. Ujuzi wa wahunzi wale haukuhitajika tena. Miaka iliyofuata risasi zilipita mikononi kama sarafu, mpaka serikali ikaanza kukusanya silaha mwezi Desemba 2001.

Baada ya uhuru, nchi zetu zilijijengea viwanda vyake: Mzinga mjini Morogoro kwa msaada wa China, Eldoret kwa ufundi wa Wabelgiji, na Nakasongola hapa Uganda.

Kutoka Mbarara kuelekea mpaka wa Tanzania kuna makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanyarwanda wa kwanza kufika huko walikimbia moto, mikuki na mapanga, silaha ambazo mhunzi wa kijiji aliweza kuzifua. Wakongo, Warundi na Wasomali waliowafuata baadaye walikimbia risasi. Kitako cha ganda la risasi aghalabu hupigwa chapa ya kiwanda na mwaka. Anayeliokota kando ya nyumba iliyoteketea hawezi kusoma humo jina la aliyefyatua. Jina la aliyetengeneza huweza kulisoma.