Koklea
Koklea ni sehemu ya sikio la ndani inayogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Ni mrija uliojaa majimaji, uliojiviringa kama gamba la konokono mizunguko miwili na nusu hivi. Ukinyooshwa hufikia milimita 35. Sauti huufikia kupitia kiwambo cha sikio na vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, vinavyoiongezea msukumo isije ikagonga majimaji na kurudi ilikotoka. Kwa maelezo hayo, yaliyozoeleka madarasani, sikio ni mpokeaji tu. Hesabu ya seli zake inayakataa. Ndani ya koklea kuna seli zenye vinyweleo: safu moja ya ndani, seli kama 3,500, na safu tatu za nje, seli kama 12,000. Ungedhani zilizo nyingi ndizo zipelekazo habari. Sivyo: zaidi ya asilimia 90 ya nyuzi za neva ziendazo kwenye ubongo huanzia kwa zile chache za ndani. Hizo nyingine zina kazi gani basi? Zinasukuma. Seli ya nje hufupika na kurefuka kadiri umeme wake unavyobadilika, kama William Brownell na wenzake walivyoeleza mwaka 1985, na kwa kufanya hivyo hukuza mtikisiko hafifu kabla seli za ndani hazijaupokea.

Hoja hii ina mpinzani mzito. Georg von Békésy, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alilitazama wimbi likisafiri ndani ya koklea asione nguvu yoyote ya ziada. Ni kweli, lakini masikio mengi aliyoyachunguza yalikuwa ya maiti, na seli iliyokufa haisukumi kitu. Mwaka 1978 David Kemp, huko Uingereza, aliweka maikrofoni ndogo kwenye tundu la sikio zima, akatoa mlio mfupi, na baada ya milisekunde kadhaa akanasa mwangwi ukitoka sikioni. Je, si sauti iliyogonga kuta za tundu? Hiyo ingerudi mapema zaidi. Tena sikio lililopoteza seli za nje haliutoi mwangwi huo. Leo watoto wachanga hupimwa kwa njia hiyo wakiwa usingizini.

Dawa za antibiotiki gentamisini na streptomisini zinaweza kuua seli hizo za nje, zikianzia na za sauti nyembamba: mgonjwa husikia anasemeshwa, ila s na f zinampotea. Kwa binadamu, seli hizo hazioti tena.