Menengai, Mlima wa Sala

Wakristo wanaoshuka mapangoni mwa Menengai, juu ya mji wa Nakuru, ili kufunga na kusali hawakuuanzisha utakatifu wa mlima huo, waliurithi. Katika karne ya 19 Wamaasai wa Purko walipigana hapo na wenzao wa Laikipia, na simulizi husema walioshindwa walitupwa katika shimo la mlima huo, hata moshi unaofuka ukadhaniwa kuwa roho zao. Wapo watakaopinga wakisema kwamba huo ni mvuke wa volkano tu, ambao visima vyake vilianza kuchimbwa mwaka 2011 kwa ajili ya umeme. Ni kweli. Lakini mvuke unaeleza hofu. Hauelezi kwa nini watu watafute rehema palepale walipoangukia wafu. Hiyo ni kazi ya kumbukumbu, iliyokuwapo kabla Nakuru haijawa mji.