Raha ya Mfalme: Tatizo la Istilahi Moja ya Sheria

Katika semina ya wafasiri na walimu tuliyohudhuria Mpwapwa, washiriki walipewa zoezi la kufasiri hukumu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mshitakiwa alikuwa kijana aliyeua kabla hajatimiza umri wa miaka 18. Karatasi tatu kati ya tulizosahihisha zilisema kwamba kijana huyo awekwe kizuizini "kwa furaha ya Rais". Ya nne ikasema "kwa starehe ya Rais". Ukumbi ulicheka. Mwalimu mmoja wa makamo hakucheka, bali aliuliza: mama wa kijana akisomewa karatasi hii ataelewa nini? Makala haya yametokana na swali hilo.

Neno lililowatatiza wenzetu ni "pleasure". Wafasiri huzoea kulipa neno hilo visawe vingi kwa mkupuo, yaani furaha, raha, starehe, burudani, anasa, kana kwamba mtu anaweza kuchukua lolote lililo karibu na mkono. Lakini kila moja lina safari yake. Raha imetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ya msingi ni mapumziko. Starehe imechipuka katika shina hilo hilo. Burudani ni ndugu wa baridi: anayeburudika ni mtu aliyepozwa baada ya joto. Mpwapwa ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ilitua hapa kwa sababu palikuwa na maji, kabla ya kuikabili nyika kavu ya Marenga Mkali iliyo njiani kuelekea Ugogo. Stanley alipita hapa mwaka 1871, na wamisionari wa Kianglikana wakafungua kituo chao mwaka 1878. Kwa mpagazi aliyeshusha mzigo kichwani na kunywa maji, raha na burudani hazikuhitaji kufafanuliwa na kamusi.

Anasa nayo asili yake ni uzoefu na usuhuba wa watu, lakini kwetu imeingia lawama. Tunaposema "bidhaa za anasa" hatusifu. Ladha imeshuka zaidi. Katika Kiarabu ni utamu wa nafsi kwa jumla, nasi tumeuacha ukae ulimini.

Basi hakuna hata moja kati ya maneno haya liwezalo kubeba hukumu ya mahakama, na sababu yake imo katika historia ya Uingereza. Neno tunalolizungumzia liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa, lugha iliyotawala katika jumba la mfalme baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Nyuma ya Kifaransa kuna kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupendeza. Lililompendeza mfalme ndilo lililofanyika. Kwa hiyo neno la hisia likawa neno la amri. Majaji walishika kazi zao kwa muda uliompendeza mfalme, na aliyemchukiza aliondoshwa, hata Sheria ya 1701 ilipoagiza kwamba jaji akae kazini maadamu mwenendo wake ni mwema. Watumishi wengine hawakupata kinga hiyo. Mabwana shauri walioletwa katika maboma ya Tanganyika, la Mpwapwa likiwamo, walitumika chini ya maneno yayo hayo.

Tanganyika ilipokuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, neno lilibaki na mwenyewe akabadilika. Kifungu cha 26 cha Kanuni ya Adhabu, katika maandishi yake ya Kiingereza, kimekataza kumhukumu kifo mtu aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18, na badala yake kikaagiza azuiliwe kwa muda wa "pleasure" ya Rais. Hapa hapana furaha wala raha. Maana yake ni kwamba kifungo hakina kikomo kilichotajwa, na mwenye mamlaka ya kukikomesha ni mkuu wa nchi.

Tulipendekezewa visawe kadhaa. "Ridhaa" ina heshima, lakini mwanasheria akiisoma hukumbuka mkataba na pande zake mbili, hali kijana huyu hana upande. "Hiari" humfanya msomaji adhani kwamba ni mfungwa anayechagua. "Radhi" ni ya mzazi, na pengine ni ya kuombwa. "Matakwa" yangefaa, isipokuwa tumekwisha kuyatumia mno katika "matakwa ya sheria". Tukarudi kwenye kitenzi. Kiswahili kina njia yake ya zamani ya kuitoa amri katika mapenzi: twasema "Mungu akipenda" wala hatumaanishi kwamba Mungu anaburudika. Hata hivyo "kwa muda apendao Rais" humrudisha msomaji kule kule kwenye kicheko. Tunaona heri kuandika: "azuiliwe kwa muda wowote atakaoamua Rais".

Mwanasheria mmoja alitulaumu kwamba tafsiri hiyo ni kavu, na kwamba Kiingereza kina adabu zaidi. Hatukubaliani naye. Adabu ile ndiyo iliyowapoteza wanafunzi wetu. Na tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kwa sheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, makosa ya namna hii hayabaki tena katika karatasi za semina. (Afadhali kidogo ni barua za ofisini zinazoanza "Nina furaha kukuarifu" na kumalizia kwa kumwachisha mtu kazi, huko aibu ni ya mwandishi peke yake.)

Siku ya mwisho tuliiandika sentensi yetu ubaoni. Mwalimu yule aliisoma mara mbili, kisha akauliza: "Sasa ni muda gani?" Tukamjibu kwamba sheria haisemi. Akasema, "Sasa mama yake ataelewa."